Mji Mzuri Usiokwisha Kujengwa



Vijana wetu wa Kolwezi siku hizi wana michezo ambayo wazee wao hawakuijua. Zamani kijana alicheza mpira uwanjani au bao chini ya mwembe. Leo hukaa mbele ya televisheni, ameshika mkononi kitu kidogo chenye vifungo, naye humwongoza mtu wa picha aendaye, apiganaye, azungumzaye na watu wengine wa picha. Mchezo wa namna hiyo huitwa mchezo wa video. Wazazi wengine wameniuliza: "Mwalimu, michezo hiyo ni mizuri au ni mibaya?" Swali hilo ni pana mno, sitalijibu lote leo. Nataka tuutazame mchezo mmoja tu, kwa kuwa ndani yake mna swali jingine linalotuhusu sote, hata yule asiyepata kuona mchezo wa video maishani mwake. Swali lenyewe ni hili: Mtu akiuza kazi isiyokwisha kana kwamba imekwisha, kisha akaitengeneza baadaye, je, kosa lake limefutika?

Mji ndani ya kioo

Mchezo ninaousema huitwa Cyberpunk 2077. Ulitungwa na kampuni ya CD Projekt Red, ya mji wa Warsaw katika nchi ya Polandi, nao ulianza kuuzwa tarehe 10 Desemba 2020. Hadithi yake yatokana na mchezo wa mezani uliobuniwa na Mmarekani Mike Pondsmith mwaka 1988. Ni habari ya mji usiopo duniani, Night City, uliowekwa katika pwani ya California, mwaka wa 2077. Mchezaji humwongoza mtu aitwaye V. Huchagua mwenyewe kama V ni mwanamume au mwanamke, ametoka katika maisha gani, atashika njia gani. Hakuna amwambiaye, "Pita hapa, usipite pale." Mji wote uko wazi mbele yake. Niseme mapema kwamba mchezo huu umewekewa watu wa miaka 18 na zaidi, maana una mauaji, matusi na uchi. Mzazi asiulete nyumbani akidhani ni hadithi ya sungura na fisi.

Mimi niliuona nyumbani kwa kijana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wangu wa darasa la sita. Sasa ni mtu mzima, ana mke, na kazi yake ni kutengeneza simu. Mashine yake ya kuchezea ni PlayStation 4, aliyoinunua kuukuu kutoka Lubumbashi. Jumamosi moja, baada ya mafundisho, alinikaribisha, akaniwekea kiti, akaiwasha.

Kweli nilistaajabu. Katika mji ule ilikuwa usiku, na mvua ilikuwa imekwisha kunyesha. Taa nyekundu, za buluu na za manjano ziliwaka juu ya majumba marefu, na kila taa ilionekana mara ya pili chini, katika maji ya barabarani, ikitetemeka. Wachuuzi waliuza chakula, na mvuke ulipanda kutoka sufuria zao. Kisha tuliondoka kwa gari hata nyikani, nje ya mji, mahali paitwapo Badlands. Jua lilichomoza katikati ya vumbi, na majumba nyuma yetu yakawa kama msitu wa miiba. Nilikumbuka barabara yetu wakati wa kiangazi, malori ya mawe yapitapo na vumbi jekundu likabaki hewani. Nikasema moyoni: Waliochora kazi hii wana macho, tena wana subira.

Lakini hata nusu saa haikupita, mambo yakaanza kuharibika. Mtu mmoja alisimama katikati ya njia, mikono yake miwili imenyoshwa kama sanamu ya kufukuza ndege shambani. Hakusema, wala hakuondoka. Gari moja lilikuwa limezama nusu ndani ya lami, kana kwamba lami ni matope. Tulipomkaribia mwanamke mmoja, uso wake ulikuwa laini kama udongo wa mfinyanzi, na baada ya kitambo ndipo macho na mdomo vikatokea. Mtu mwingine alikuwa akizungumza, na simu yake ikaning'inia hewani bila mkono wa kuishika. Mwisho picha yote ilisimama, kioo kikawa cheusi, mchezo ukajifunga wenyewe. Kijana alipoufungua tena, tulijikuta nyuma, mahali tulipopita zamani. Kazi yote ya robo saa ilikuwa imepotea.

Nilidhani atakasirika. Kumbe, alicheka. Akaniambia: "Mwalimu, mji umekwisha kufika, ila watu wake wangali njiani."

Ahadi ya miaka minane

Tusikie kwanza mambo yalivyokwenda, maana asiyejua habari hawezi kuhukumu kwa haki.

Kampuni ile ilitangaza mchezo huu mwezi wa Mei 2012. Mwaka 2015 ilitoa mchezo mwingine, The Witcher 3, uliosifiwa sana, na tangu siku ile watu waliiamini kampuni kama waaminivyo fundi aliyejenga nyumba moja ikasimama imara. Mwezi wa Agosti 2018 ilionyesha picha za mji wa Night City kwa muda wa dakika 48, nayo iliandika wazi kwamba kazi ile haijakwisha, na kwamba huenda mambo yakabadilika. Mwezi wa Juni 2019, huko Los Angeles, alipanda jukwaani Keanu Reeves, mchezaji mashuhuri wa sinema, ambaye naye yumo katika hadithi hiyo, akataja siku ya kuuzwa: tarehe 16 Aprili 2020. Watu walipiga makelele ya furaha.

Aprili ilikaribia, kazi haikuwa tayari. Siku ikasogezwa hata Septemba, kisha hata Novemba, kisha hata tarehe 10 Desemba. Wakati huo watu milioni 8 walikuwa wamekwisha kuununua mchezo wasiouona. Mwezi wa Novemba wakubwa wa kampuni waliwaambia wenye hisa kwamba katika mashine za zamani mchezo wakwenda vizuri, tena vizuri kuliko ilivyotazamiwa. Waandishi wa magazeti waliotakiwa kuupima kabla ya siku ya kuuzwa walipewa nakala za kompyuta tu, hawakupewa nakala za PlayStation 4 wala za Xbox One, yaani zile mashine za zamani ambazo watu wengi walikuwa nazo.

Siku ikafika. Wenye kompyuta zenye nguvu waliona mji mzuri wenye makosa ya hapa na pale. Wenye mashine za zamani waliona yale niliyoyaona mimi, na zaidi. Tarehe 14 Desemba kampuni iliomba radhi, ikakiri kwamba ilipasa iwaonyeshe watu jinsi mchezo uendavyo katika mashine za zamani kabla hawajaununua, nayo haikuwaonyesha. Ikasema kwamba atakaye kurudishiwa fedha zake arudishiwe. Siku chache tu baadaye kampuni ya Sony iliuondoa mchezo huo katika duka lake, na haukurudi mpaka tarehe 21 Juni 2021.

Basi sasa tuulize maswali matatu, moja baada ya jingine.

Swali la kwanza: Je, uzuri ule ulikuwa uongo?

Wengine husema: Kitu kizuri kwa nje na kibovu kwa ndani ni uongo mtupu, heri kisingalikuwako. Mimi sikubali. Tufikiri polepole.

Tazameni vilima vyetu vya Lualaba. Zamani, kabla ya mashine za kampuni kuja, wazee walijua mahali penye shaba kwa kuona juu ya ardhi jiwe la kijani, liitwalo malakiti. Waliliyeyusha katika tanuru, wakafanya misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha katika nchi hii. Jiwe lile ni zuri kulitazama. Je, uzuri wake ni uongo? Hapana. Jiwe lasema: Shaba ipo hapa. Halisemi ni kiasi gani, wala yafika kina gani. Sharti uchimbe. Basi mtu akija na jiwe moja mkononi, akakuuzia kilima kizima na kukuambia kwamba kimejaa shaba hata chini, mwongo ni nani? Mwongo ni muuzaji. Jiwe halina kosa.

Vivyo hivyo na mji ule. Mvua juu ya lami, taa zitetemekazo, jua katika vumbi, hayo yote ni kazi ya kweli ya mikono ya kweli. Katika mji ule uko mtaa mmoja, Pacifica. Hadithi yasema kwamba matajiri walianza kujenga huko mahoteli ya wageni, kisha wakaondoa fedha zao, wakayaacha majumba bila kuyamaliza, na wakimbizi wa Haiti wakaingia kukaa ndani ya kuta zile. Nilipouona mtaa ule nilinyamaza. Aliyeubuni alijua maana ya kuachwa nusu njiani. Mchezo wote umetungwa kuonya juu ya kampuni kubwa zijalizo faida kuliko mtu. Wachoraji waliosema hayo hawakusema uongo. Yasikitisha tu kwamba wakubwa waliouza onyo hilo hawakulisikia wenyewe. Lakini mwalimu asiyetenda afundishavyo hayageuzi mafundisho yake kuwa ya uongo. Ajihukumu yeye mwenyewe.

Kwa hiyo yatupasa kutenga mambo mawili, uzuri wa kazi na neno la auzaye. Mtu asiyeyatenga atatupa vyema pamoja na vibaya, au atavumilia vibaya kwa ajili ya vyema.

Swali la pili: Kosa liko wapi hasa?

Je, kosa ni kwamba kazi haikuwa imekwisha? Sivyo. Kila kazi chini ya jua huanza bila kukamilika. Nyumba ya matofali isiyoezekwa si dhambi, na shamba lililolimwa nusu si aibu. Mwaka 2018 kampuni ile ilipoonyesha picha na kuandika kwamba kazi haijakwisha, haikumdanganya mtu. Aliyetazama alijua atazamalo.

Kosa lilikuja pale kasoro ilipofichwa kwa yule aliyehitaji kuijua. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, mwalimu wa karne ya 13, aliliuliza swali hili hili: Je, muuzaji anapaswa kumwambia mnunuzi kasoro za kitu? Alijibu kwa kupambanua. Ikiwa kasoro yaonekana wazi, kama farasi mwenye jicho moja, na bei ni ya haki, muuzaji halazimiki kuitangaza, maana mnunuzi ana macho. Lakini ikiwa kasoro imefichika nayo yaweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, kama nyumba iliyo karibu kuanguka ikiuzwa kwa jina la nyumba imara, hapo kunyamaza ni udanganyifu.

Nasi tunalijua jambo hili bila kusoma vitabu. Mtu hujenga kwa matofali yasiyoiva vizuri katika tanuru, kisha hupaka saruji kwa nje na chokaa juu yake. Mwezi wa Agosti nyumba yapendeza. Mvua za Desemba zikija, ukuta waanza kunywa maji. Mchimbaji hupanga mawe meusi mazito juu ya gunia, na chini huweka mchanga. Na mnunuzi wa mawe naye, nani hapa kwetu hajasikia malalamiko juu ya mizani? Hao wote huenda wasitamke hata neno moja la uongo. Huacha chokaa, gunia na mizani viseme kwa ajili yao.

Nilimwuliza yule kijana: "Ndugu yangu, nawe ulidanganywa?" Akafikiri, akajibu: "Hapana, Mwalimu. Mimi nilinunua diski kwa bei ndogo, kwa sababu kila mtu alikwisha kujua ubovu wake. Nilijua ninachonunua. Aliyedanganywa ni yule aliyelipa siku ya kwanza." Tazameni jinsi alivyojibu vema. Diski ni ile ile na kasoro ni zile zile, lakini mmoja alitendewa haki na mwingine hakutendewa. Tofauti yao ni kujua tu.

Liko na kosa la pili, nalo si dogo. Ahadi ni deni, lakini deni hili lililipwa na nani? Mwaka 2019 wakubwa wa kampuni walisema hawatawalazimisha wafanyakazi wao kazi ya kupita kiasi. Mwishoni mwa Septemba 2020 waliwaamuru kufanya kazi siku sita kwa juma mpaka mchezo utoke. Walilipwa kwa saa zile, tusiseme hawakulipwa, lakini jioni ambazo mtoto hakumwona baba yake hazirudishwi kwa mshahara. Aliyetaja siku ni mmoja, naye aliyetoka jasho ili siku itimie ni mwingine. Hata hivyo tuwape haki yao. Tarehe 13 Januari 2021 mmoja wa waanzilishi wa kampuni, Marcin Iwiński, alisema mbele ya watu wote kwamba uamuzi wa kuuza ulikuwa wa wakubwa, akaomba wafanyakazi wasilaumiwe. Neno hilo lilikuwa jema. Mkubwa abebaye lawama yake mwenyewe haonekani kila siku.

Swali la tatu: Je, kutengeneza baadaye kunafuta kosa?

Hapa ndipo penye uzito, maana kampuni ile haikuikimbia kazi yake. Ingaliweza kuchukua fedha na kuanza jambo jingine. Haikufanya hivyo. Ilitengeneza mwezi baada ya mwezi. Mwezi wa Februari 2022 ilitoa matengenezo makubwa, na tarehe 21 Septemba 2023 ilitoa mengine yaliyobadilisha sehemu nyingi za mchezo, pamoja na njia za kupigana, polisi, na ufundi wa V. Siku tano baadaye ilitoa hadithi mpya ya kuongezwa, Phantom Liberty. Wengi waliolaani walirudi wakasifu. Kufikia mwisho wa mwaka 2024 zilikuwa zimeuzwa nakala zaidi ya milioni 30.

Je, si toba hiyo? Kweli ni jambo la kuheshimiwa. Lakini ngojeni kidogo.

Matengenezo ya Septemba 2023 hayakutolewa kwa PlayStation 4 wala Xbox One. Phantom Liberty pia haikutolewa kwa mashine hizo. Kampuni ilieleza kwamba mashine zile za zamani hazina nguvu ya kubeba mambo yale. Yawezekana ni kweli. Tena, kwa haki, mashine hizo zilipata matengenezo ya kwanza, walioomba fedha walirudishiwa, na mwenye nakala ya PlayStation 4 aliyepata mashine mpya aliweza kupewa mchezo wa namna mpya bila kulipa tena. Lakini sharti kwanza awe na mashine mpya. Basi angalieni: waliodhulumiwa zaidi siku ya kwanza ni wenye mashine za zamani, nao ndio ambao matengenezo bora hayakuwafikia. Ilikuwako na kesi mahakamani Marekani. Mwaka 2021 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 1.85. Walioshtaki walikuwa wenye hisa, si wachezaji.

Yule kijana wa kwetu yuko mbali zaidi. Diski yake ina mchezo kama ulivyokuwa siku ya kwanza. Hata matengenezo yale madogo yaliyowekewa mashine yake huja kwa njia ya intaneti, nayo ni mzigo mkubwa sana. Ili kuyavuta yote angetumia fedha za chakula cha nyumba yake, na umeme ukikatika katikati, kazi yasimama. Na tena kitu kile chenye vifungo alichokishika kina betri ndani yake, na betri nyingi za namna ile hutiwa kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ichimbwayo duniani hutoka katika nchi yetu, nayo nyingi katika Lualaba hii. Tangu mwaka 2014 katika mtaa wetu wa Kasulo watu wamechimba hata chini ya sakafu za nyumba zao ili kuipata. Yawezekana jiwe lililotoka chini ya miguu yetu lilikwenda ng'ambo likarudi mkononi mwa kijana huyu. Jiwe lilijua njia ya kurudi, lakini matengenezo hayakuijua. Simshtaki mtu kwa hayo. Nasema tu kwamba aliye mbali husahauliwa kwa urahisi, hata ikiwa jasho lake limo katika kazi.

Hapa sina budi kujitaja mwenyewe, ijapokuwa naona haya. Miaka michache iliyopita niliuza baiskeli yangu. Chini ya kiti chuma chake kilikuwa kimepasuka. Nilipeleka kichomelewe, nikapaka rangi nyeusi, ufa haukuonekana tena. Mnunuzi alikuwa mtu wa kijijini, mchoma makaa. Aliizunguka baiskeli mara mbili, akaniuliza: "Mwalimu, ni nzima?" Nikamjibu: "Waiona mwenyewe." Sikusema uongo, sivyo? Ndivyo nilivyojiambia. Baada ya miezi miwili nilisikia kwamba chuma kilikatika kwenye mteremko. Mtu alianguka, mkono ukaumia, makaa yakamwagika, na kwa majuma mengi hakuweza kufanya kazi.

Nilifanya nini? Nilitoa sadaka kwa maskini. Tena tangu siku ile kila baiskeli ya mwanafunzi iliyoharibika niliitengeneza bure, jioni baada ya masomo. Watu walinisifu. Nami nikahesabu kwamba deni limekwisha. Lakini siku ile, nikiwa nimeketi mbele ya kioo kile cheusi, kijana akingoja mchezo ufunguke tena, nilielewa. Nilikuwa nimetengeneza baiskeli za watu wote, isipokuwa ya mtu mmoja.

Basi jibu la swali la tatu ni hili. Kutengeneza baadaye ni kwema, tena ni lazima, na amdharauye mwenye kutengeneza amkatisha tamaa bure. Lakini matengenezo hayafuti kosa kwa wingi wake wala kwa sifa yake. Hulifuta yafikapo kwa yule aliyekosewa. Yakimpita yeye na kuwafikia wengine elfu, ni matendo mema, nayo yana thawabu yake. Deni bado lipo.

Mambo ya kushika

Ninyi wanafunzi wa dini mnaojiandaa, nanyi hamjakwisha kujengwa. Mimi pia sijakwisha. Hakuna awalaumuye kwa hilo. Nyumba yenye miti ya mafundi bado imesimama pembeni haimdanganyi mpita njia. Ila msiondoe miti na kupaka chokaa kabla ya wakati wake.

Mwuzapo au mtoapo kazi, semeni wazi ni nini kisichokwisha. Msitaje siku ambayo jasho lake litatoka mwilini mwa mtu mwingine, isipokuwa mmemwuliza kwanza. Na mkikosa, anzeni matengenezo kwa yule wa kwanza kuumia, hata akiwa mbali, hata akiwa mdogo, hata akiwa hakumbuki tena.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kijijini kwa yule mchoma makaa. Nilimkuta akipanga magunia kando ya njia. Nikamweleza habari ya ufa na ya rangi nyeusi, kisha nikaweka mbele yake fedha nilizoona ni haki. Alizipokea, akazihesabu bila haraka, akazitia mfukoni. Hakunikasirikia. Alitazama chini kitambo, kisha akasema:

"Mwalimu, ungaliniambia siku ile, ningaliinunua vilevile. Ila nisingalipakia magunia matatu."